Adui Yetu ni Riba, Si Hesabu



Baada ya sala ya Ijumaa katika msikiti mmoja wa mjini, kijana aliyemaliza chuo alikuwa ameketi barazani, kitabu mapajani. Kilikuwa kitabu cha maswali ya mazoezi kwa wanaojiandaa na mtihani wa kuajiriwa maafisa wa benki, kilichochapishwa India. Mzee mmoja tunayemheshimu alikichukua, akakifungua, akakutana na sura ya riba. Akakifunga na kusema: "Mwanangu, kitabu cha riba hakiingii msikitini." Kijana akajibu, "Nimesikia, baba," akakitia mfukoni. Ijumaa iliyofuata hatukumwona.

Nia ya mzee wetu ilikuwa njema. Hukumu yake, hata hivyo, haikuwa sahihi, na kwa kuwa hukumu ya namna hiyo husikika katika misikiti mingi, hatuna budi kuijibu kwa heshima na kwa uwazi.

KITABU HICHO KINA NINI?

India ndiyo nchi ambamo mitihani hii imekomaa. Tangu mwaka 2011 mabenki ya umma ya nchi hiyo, isipokuwa State Bank of India yenye mtihani wake, huwapata maafisa wapya kwa mtihani mmoja wa pamoja, unaosimamiwa na taasisi ya Mumbai iitwayo Institute of Banking Personnel Selection. Nafasi ni elfu chache, waombaji ni mamia ya maelfu. Kwa miaka mingi hatua ya kwanza imekuwa na maswali 100 ya kujibiwa kwa dakika 60: Kiingereza, hesabu na mantiki. Anayevuka huingia mtihani mkuu, kisha usaili wa ana kwa ana.

Humo mna maswali ya faida na hasara, uwiano, asilimia, na kazi inayogawanywa baina ya vibarua. Mna mashua inayopanda mto na kushuka, watu wanane walioizunguka meza ili kijana atambue nani yuko kuume kwa nani, na majedwali ya takwimu yanayotakiwa kusomwa haraka. Ndiyo, imo sura ya riba. Lakini karibu na sura hiyo imo sura ya ubia, na mzee wetu hakuifikia. Swali lake huwa hivi: mmoja ametia 40,000, mwenzake 60,000, faida ni 25,000, kila mmoja apate ngapi? Jibu ni 10,000 na 15,000. Hiyo ndiyo hesabu ya musharaka, ambayo masheikh wetu huisifu juu ya mimbari. Basi kitabu kilichofukuzwa barazani kilikuwa kimebeba ugonjwa na dawa katika jalada moja.

Na maswali haya si ya India peke yake. Mabenki mengi ya Nairobi na Dar es Salaam nayo huwapima waombaji kwa maswali ya namna hii. Kumfungia kijana kitabu ni kumfungia mlango ambao wenzake wanaupita.

HOJA YA KWANZA: "RIBA NI HARAMU, BASI HESABU ZAKE NI HARAMU"

Hebu tuipime hoja hii kwa kanuni za kitabu chenyewe, katika sura ya mantiki. Riba yote ni haramu. Mabenki mengi hutoza riba. Je, inafuata kwamba kila hesabu inayofundishwa kwa mtihani wa benki ni haramu? La hasha! Hitimisho limechukua zaidi ya lililomo katika maneno mawili ya mwanzo. Kijana aliyefanya mazoezi wiki mbili tu angeweka alama ya kosa hapo bila kusita.

Kuijua haramu si kuila. Tabibu husoma sumu ili amwokoe aliyeinywa. Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake cha aljebra huko Baghdad katika karne ya tisa, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa hesabu za mirathi na wasia. Wazee wetu wa elimu hawakuiogopa kalamu. Waliitumia kuilinda sheria.

Tena tunasema: asiyeijua hesabu ya riba ndiye anayeliwa nayo. Chukua 100,000 kwa asilimia 10 kwa mwaka. Riba ikihesabiwa juu ya mtaji tu, kwa miaka mitatu ni 30,000. Ikipanda juu ya riba iliyotangulia, ni 33,100. Tofauti ni ndogo, mkopaji hucheka. Lakini asipolipa kitu, mwisho wa mwaka wa nane deni limepita 214,000, zaidi ya mara mbili ya alichochukua. Khutba kumi juu ya ubaya wa riba hazimwingii kijana moyoni kama atakavyoingiwa siku atakapoikokotoa hesabu hii kwa mkono wake.

Au tumtazame mwalimu wa shule anayekopa kwa mshahara wake. Ameambiwa: shilingi 1,200,000 kwa mwaka mmoja, riba asilimia 10 tu, juu ya deni lote la mwanzo. Atalipa 110,000 kila mwezi, jumla 1,320,000. Anaona ni nafuu. Lakini kila mwezi anarudisha 100,000 ya mtaji, na deni lake linapungua mpaka mwezi wa mwisho anadaiwa 100,000 tu. Wastani wa deni lake katika miezi kumi na miwili ni 650,000. Riba ya 120,000 juu ya 650,000 ni zaidi ya asilimia 18. Neno "kumi" lilikuwa mdomoni mwa mkopeshaji. Kumi na nane ilikuwa mfukoni mwake. Nani katika jamaa zetu angemwonya mwalimu huyu kabla hajatia sahihi? Ni yule kijana tuliyemfukuza barazani.

HOJA YA PILI: "WAACHIENI WENGINE MABENKI YAO"

Wako wanaosema heri tujitenge kabisa. Tuwatazame ndugu zetu wa India. Mwaka 2005 serikali ya nchi hiyo iliunda kamati chini ya Jaji Rajinder Sachar kuchunguza hali ya Waislamu, nayo ikatoa ripoti mwaka 2006. Kwa sensa ya 2001 Waislamu walikuwa asilimia 13.4 ya wananchi, lakini kamati ilikuta kuwa katika utumishi wa juu wa utawala walikuwa asilimia 3 tu. Kuhusu mikopo, ilieleza kuwa baadhi ya mabenki yaliyahesabu maeneo yenye Waislamu wengi kuwa maeneo ya hatari, yasiyofaa kukopeshwa.

Sababu za hali hiyo ni nyingi, na dhulma ni mojawapo. Hatutaki kumbebesha aliyeonewa lawama zote. Ila swali linabaki: ramani ya eneo la hatari inapochorwa, ni nani aliyekaa mezani kusema kwamba fundi cherehani wa mtaa ule ni mwaminifu na hulipa? Meza hufikiwa kwa kupita mlangoni, na mlango wa meza hiyo ni mtihani.

Ndugu zetu wale wana udhuru ambao sisi hatuna. Mwaka 2008 kamati iliyoongozwa na Raghuram Rajan ilipendekeza India iruhusu huduma za benki zisizo na riba, lakini mwaka 2017 Benki Kuu ya nchi hiyo ikasema haitaliendeleza pendekezo hilo. Huku kwetu Gulf African Bank ilianza kazi Kenya mwaka 2008, na Amana Bank Tanzania mwaka 2011. Nyumba hizo haziendeshwi kwa kanzu na tasbihi. Zinahitaji maafisa wanaojua uwiano, asilimia na usomaji wa majedwali. Tukiwakataza vijana wetu mazoezi, nani atazisimamia?

Wala isidhaniwe kuwa jina la Kiislamu juu ya mlango linatosha. Benki inanunua pikipiki kwa 2,400,000, inakuuzia kwa 2,880,000 ulipe 120,000 kwa miezi 24. Faida ni asilimia 20 ya bei ya kununulia, nayo ni biashara. Lakini uliza: je, benki iliimiliki pikipiki hiyo kweli kabla ya kukuuzia, au ilikupa fedha tu na karatasi ikabadilishwa jina? Na ukichelewa kulipa, bei inabaki ile ile au inakua, na ikikua, nyongeza inakwenda wapi? Asiyejua hesabu hana la kuuliza, na asiyeuliza huuziwa riba iliyovishwa kilemba.

JE, TUNAHALALISHA KILA KAZI YA BENKI?

Hapana, nasi hatutaki maneno yetu yageuzwe. Makatazo ya riba katika Sura Al-Baqarah ni mazito. Na Mtukufu Mtume s.a.w. alimlaani mla riba, anayeilipa, mwandishi wake na mashahidi wake wawili, akawaweka wote katika daraja moja. Hadithi hiyo imo katika mkusanyo wa Imam Muslim, na hakuna mtihani unaoweza kuifuta. Kijana akiitwa kuandika mikataba ya riba, ajue anaitwa mahali gani. Aende kwa wenye elimu, aeleze kazi yake hasa ni ipi, aulize kabla ya kutia sahihi na si baada ya kujenga nyumba.

Lakini kumwambia aiogope riba ni jambo moja, na kumwambia auogope uwiano ni jingine. Nabii Yusuf a.s., alipoomba kusimamia hazina za nchi ya kigeni, alitaja sifa zake mbili: kwamba ni mwenye kulinda na kwamba ni mwenye kujua. Leo sisi tunadai sifa ya kwanza na kuipuuza ya pili.

MARADHI YA UPANDE WA PILI

Na ninyi vijana msifurahi mapema, kwani lawama yetu haijaisha. Wapo miongoni mwenu wanaotafuta majibu badala ya elimu. Hununua "maswali yaliyovuja", humtuma mwenzao aliye hodari akakae kitini kwa jina lao, au hukariri mbinu za mkato bila kujua kwa nini zinafaa. India imeumizwa sana na wizi wa mitihani, hata mwaka 2024 ikatunga sheria maalumu, na mitihani ya kuajiri maafisa wa benki imetajwa ndani yake. Kifungo ni kuanzia miaka mitatu hadi mitano, na kwa magenge yaliyopangwa ni mitano hadi kumi.

Hata pasipo sheria ya serikali, Muislamu anayo Sura Al-Mutaffifin inayowaonya wanaopunja vipimo. Mtihani ni kipimo. Aliyeiba majibu amempunja kila aliyekesha, na mshahara atakaoupokea kwa cheo hicho una doa hata kama benki yake haitozi riba ya senti moja.

Wabahatishaji nao wajipime. Katika mtihani ule wa India kila swali la kuchagua lina majibu matano. Tuseme swali lina alama moja: ukipata unapewa hiyo moja, ukikosa unapokonywa robo yake. Bahatisha maswali 20. Kwa kawaida utapata 4 na kukosa 16. Alama 4 ulizopata zinaliwa na robo 16, ambazo ni 4. Jumla ni sifuri. Waliotunga mtihani waliupanga hivyo kwa makusudi, ili mcheza kamari aondoke mikono mitupu.

TUNALOLITAKA

Kwanza, kamati za misikiti zitoe chumba kimoja cha madrasa kila Jumamosi baada ya sala ya Alasiri, vijana wa kiume kwa zamu yao na wa kike kwa zamu yao, wafanye maswali haya kwa saa mbele yao. Ubao upo, chaki ipo, na katika kila jamaa hakosekani mwalimu wa hesabu.

Pili, kila inapofika sura ya riba, awepo mwenye elimu ya dini. Hesabu ikishakokotolewa, aeleze kwa nini Mwenyezi Mungu ameikataza, na deni lile lile lingekuwaje lau lingekuwa ubia. Darasa hilo litakuwa khutba yenye tarakimu.

Tatu, wazazi waache kumwuliza kijana "Umepata kazi?" kabla ya kumwuliza "Umefanya mazoezi?" Na wakishasikia amepata, wamwulize swali la tatu: "Ni kazi ya kuandika nini?"

Nne, na hili ni letu sisi wenye mvi, kijana akija msikitini na kitabu, tukisome naye mpaka sura ya mwisho kabla ya kukihukumu.

Kijana yule wa barazani tumemtafuta. Anasomea nyumbani, na mtihani wake u karibu. Tulipomkuta alikuwa kwenye sura ya ubia. Mzee wetu alikuwa pamoja nasi. Alikaa kando yake, akataka aelezwe swali lile la 40,000 na 60,000. Alipoelewa alisema: "Kumbe haya ni yetu." Ndiyo, baba, ni yetu. Tumeyaacha muda mrefu mno mikononi mwa wengine.

Mwenyezi Mungu awape vijana wetu akili ya kukokotoa, na moyo wa kukataa wanapofika mahali pa kukataa. Amin.