Washington Hatuna Ndugu

Mwalimu mmoja mstaafu ameniudhi. Tulikuwa kwenye kijiwe cha kahawa karibu na Soko Kuu la Chifu Kingalu, hapa Morogoro, mazungumzo yakafika Marekani kama kawaida ya siku hizi, naye akatoa hukumu mbele ya wote: "Mwafrika akizaliwa tu, tayari ni Democrat. Republican ni adui wa mtu mweusi." Watu wakaitikia. Muuza kahawa naye akatikisa kichwa kukubali huku anamimina. Hakuna aliyeuliza swali hata moja, na aliyesema hayo alifundisha somo la historia mpaka akastaafu.

Imani hiyo utaikuta saluni, utaikuta kwenye daladala za Kihonda, utaikuta hata kwa watu wenye shahada mbili. Mimi nimechoka nayo. Ni uongo, na ni uongo unaotulemaza.

Tuanze na Mazimbu, kwa kuwa Mazimbu ni hapa hapa na mwalimu yule anapafahamu. Mwaka 1969 ANC, chama cha wapigania uhuru wa Afrika Kusini, walifanya mkutano wao mkubwa katika mji huu. Mwaka 1977 serikali yetu ikawapa shamba la zamani la mkonge pale Mazimbu, wakajenga shule wakaipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu mwaka 1979. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine, na makaburi ya wapigania uhuru waliofia ugenini yangali pale. Marekani ya Reagan, ambaye ni Republican, iliwahesabu watu wale kuwa magaidi. Hapo mwalimu anapata alama yake moja. Ingawa hata hapo, Bunge la Marekani lilipopitisha vikwazo dhidi ya makaburu mwaka 1986 na kuitupa kura ya turufu ya Reagan, maseneta wengi wa Republican walimgeuka rais wao wenyewe.

Lakini Reagan aliondoka madarakani mwaka 1989. Mwaka 1993 akaingia Clinton, Democrat, akakaa miaka minane. Katika miaka hiyo Mandela alikuwa rais wa nchi yake, amepewa Nobel, anapokewa kwa zulia jekundu kila mji. Vikwazo vya viza dhidi ya watu wa ANC, Mandela akiwemo, vikabaki. Sheria ya kuwaondolea vikwazo hivyo ilisainiwa Julai 2008, Mandela akiwa amebakiza siku chache kutimiza miaka 90, na aliyeisaini ni George W. Bush. Republican. Huyo ndugu yetu Democrat alikuwa wapi miaka minane?

Na Aprili 1994 alikuwa wapi? Wanyarwanda walipokuwa wanachinjwa, Washington ya Clinton iliunga mkono kupunguza askari wa Umoja wa Mataifa badala ya kuwaongeza. Watu robo milioni walivuka mpaka kuingia Ngara ndani ya muda wa siku moja. Tuliowapokea ni sisi. Mwaka 1998 Clinton alifika Kigali akasema maneno ya majuto. Waliokufa walikuwa wamekwisha kufa.

Sasa tuje kwenye maji, maana hapo ndipo hasira yangu inapopanda zaidi. Tarehe 17 Februari 2008, jijini Dar es Salaam, Rais Kikwete na Bush walisaini mkataba wa dola milioni 698 kupitia shirika la Marekani la Changamoto za Milenia. Fedha zile zilijenga barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga na ile ya Tanga hadi Horohoro. Zilipeleka umeme mikoani. Zilikarabati mitambo ya kusafisha maji ya Mafiga na Mambogo, mitambo inayohudumia manispaa hii. Mwalimu yule akinawa mikono kabla ya kushika kikombe cha kahawa, anatumia maji yaliyopita katika mtambo uliokarabatiwa kwa mkataba wa Republican. Awamu ya pili, dola milioni 472, ilikuwa imeshaandaliwa. Machi 2016 bodi ya shirika lile ikaisimamisha, kwa sababu ya uchaguzi wa marudio wa Zanzibar na sheria yetu ya makosa ya mtandao. Rais wa Marekani siku hiyo alikuwa Obama, na aliyeongoza bodi hiyo kwa cheo chake alikuwa waziri wake wa mambo ya nje, John Kerry. Sisemi hawakuwa na sababu. Nasema undugu haukuonekana.

Nilipomwambia mwalimu hayo, kijana mmoja akadakia: Trump alitufungia bahati nasibu ya viza mwaka 2020, Biden akaifungua mwaka 2021. Hiyo ndiyo hoja! Yaani urafiki wa taifa zima unapimwa kwa tiketi ya kuondoka nchini. Mtu huyo hajui bei ya mbolea Mgeta, hajui kwa nini kabichi za Nyandira zinaozea njiani mvua ikinyesha, lakini tarehe ya kufungua fomu ya viza anaijua kwa kichwa. Sina la kumjibu mtu wa aina hiyo.

Mwingine akaleta lile la Obama na baba yake Mluo. Obama alikuja Julai 2013, akatembelea mtambo wa umeme Ubungo, tukamshangilia, na tulifanya vizuri kumshangilia mgeni. Lakini katika ziara hiyohiyo alisimama na nani kuweka shada la maua kwa ajili ya watu 11 waliouawa Dar es Salaam katika bomu la ubalozi la mwaka 1998? Alisimama na Bush. Democrat na Republican, bega kwa bega, kwa sababu pale waliwakilisha nchi moja yenye masilahi yake. Wao wanalijua hilo. Sisi tumechukua ushindani wao tukaufanya Simba na Yanga.

Najua hoja inayosubiriwa: Trump na misaada. Ni kweli. Tarehe 20 Januari 2025, siku ileile aliyoapishwa, alisimamisha misaada ya nje, na kufikia Julai mosi USAID ikawa imekoma kufanya kazi. Kwenye kliniki za CTC, zile za wagonjwa wa UKIMWI, watumishi wa miradi waliambiwa wasije tena kazini. Namjua dada mmoja aliyekuwa akiwapigia simu wagonjwa waliokosa kuja kuchukua dawa. Alikuwa na daftari la majina, anajua nani ana simu, nani apigiwe jirani, nani yuko mlimani Matombo na hashuki mpaka siku ya soko. Kazi ile ilikufa kwa saini ya mtu asiyejua Matombo iko wapi.

Lakini mpango wenyewe wa dawa za UKIMWI ulianzishwa na nani? Bush, Januari 2003, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo. Mpango wa malaria wa mwaka 2005, ulioanzia kwetu, Uganda na Angola? Bush tena. Republican alijenga, Republican akabomoa. Chama kilekile! Sasa mwalimu aniambie jina la chama lilimsaidia kutabiri nini. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na wale wanamvutia mpiga kura wa Ohio na Pennsylvania. Mgonjwa wa Matombo hapigi kura huko.

Redio zetu nazo zina lawama. Wakati wa uchaguzi wa Marekani zinachambua jimbo kwa jimbo, usiku kucha. Baraza la madiwani likikaa hapa mjini, hupati hata dakika tano. Mvua ikinyesha Uluguru, simama kwenye daraja la Mto Morogoro uone maji yalivyo mekundu kwa udongo wa miteremko iliyokatwa miti na kulimwa mpaka kingoni. Udongo wa miteremko kama hiyo ndio unaoishia kwenye vyanzo vinavyolisha mitambo ile ya Mafiga na Mambogo. Nimewauliza watu wa pale kijiweni diwani wao ni nani. Wawili tu walimtaja. Makamu wa rais wa Marekani walimjua wote.

Mwaka 2001, mjini Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Tanzania ilikuwamo, na leo bado tuko chini ya hapo. Bush hakutuzuia, Obama, Trump na Biden hawakutuzuia. Bajeti hiyo hupitishwa Dodoma, kila Juni, na mbunge wako huwa ndani ya ukumbi. Muulize alipiga kura gani.