Wito kwa Mashabiki wa Kriketi: Tumpime Mrushaji kwa Haki

Ndugu zangu wapenzi wa kriketi wa Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam, Kampala na hata Muscat, nina ombi kwenu, na ombi lenyewe linahusu ubishi wetu. Kubishana ni sehemu ya utamu wa mchezo huu. Ila ubishi wetu juu ya warushaji wa kasi umekuwa wa matusi, na mara nyingi ukiufuatilia unakuta umeanzia kwenye kauli ya mtangazaji wa televisheni ambayo tuliimeza bila kuitafuna.

Kumbukeni mwaka 1992. Pakistan walikwenda Uingereza, na Wasim Akram na Waqar Younis wakaangusha wiketi 43 wao wawili tu katika mechi za siku tano. Pakistan ikashinda 2-1. Silaha yao ilikuwa mpira mkuukuu, upande mmoja umeng'arishwa na wa pili umeachwa uchakae. Mpira wa namna hiyo ukirushwa kwa kasi kubwa, hupinda kinyume cha unavyopinda ukiwa mpya, tena hupinda umeshamkaribia mpigaji. Magazeti ya Uingereza yalijaa tuhuma kwamba mpira ulikuwa ukichezewa. Miaka 13 baadaye, Andrew Flintoff na Simon Jones wa England walipinda mpira mkuukuu vivyo hivyo mbele ya Australia. England nayo ikashinda 2-1, na safari hii Waingereza wakausifu ufundi ule kuwa ni sanaa.

Kukwaruza mpira ni kosa, sibishi. Kosa hilo lilimfika Cameron Bancroft wa Australia mwezi Machi 2018 mjini Cape Town, kamera zilipomnasa na kipande cha msasa. Lakini hapo palikuwa na ushahidi wa macho. Mpira kupinda, peke yake, hakumtii mtu hatiani, awe wa Lahore au wa Lancashire.

Kwa nini watangazaji huegemea upande? Baadhi yao ni wachezaji wa zamani wanaowatazama wadogo zao wa jana, na mapenzi hayo tunaweza kuyaelewa. Zito zaidi ni mkataba. Mwaka 2013 Ian Chappell, nahodha wa zamani wa Australia, aliikataa kazi ya kutangaza ziara ya Australia nchini India kwa sababu bodi ya kriketi ya India, iliyokuwa mwajiri, ilitaka mambo fulani yasiguswe hewani, yakiwemo uteuzi wa wachezaji na mfumo wa kukata rufaa kwa video. Huko kwao Australia, Channel Nine ilikuwa ikitangaza mechi huku ikiuza kumbukumbu zilizotiwa saini na wachezaji wa timu ya taifa. Mtazamaji anayo haki ya kujua sauti anayoisikia inalipwa na nani.

Na sisi je? Mwaka 2016, wakati wa Kombe la Dunia la T20, mwigizaji Amitabh Bachchan alilalamika hadharani kwamba mtangazaji wa India anawazungumzia mno wachezaji wa timu nyingine. Mtangazaji Harsha Bhogle akajibu kwa upole kuwa matangazo ya Kiingereza husikilizwa na pande zote mbili, kwa hiyo sharti yazitendee haki pande zote mbili. Wiki chache baadaye Bhogle hakuwemo tena katika orodha ya watangazaji wa ligi ya India, IPL, na hakuna sababu iliyotolewa hadharani. Mimi naliona jambo hili kuwa kiini cha tatizo letu. Mara nyingi tunapolia kwamba mtangazaji ana upendeleo, tunacholilia ni kwamba hakutupendelea sisi.

Sasa niseme juu ya mkono wa mrushaji, maana hapa ndipo tunapokosana zaidi. Mpira wa kriketi hurushwa. Ukitupwa, yaani ukitoka kwa nguvu ya kiwiko kilichokunjwa kisha kikakunjuliwa, ni noboli. Tarehe 7 Desemba 1963, mjini Brisbane, mwamuzi Colin Egar alimhukumu Ian Meckiff wa Australia kuwa anatupa, mara nne ndani ya ova moja. Wote wawili walikuwa Waaustralia, na uwanja ulikuwa wa nyumbani. Mashabiki walimzomea Egar hadi akahitaji ulinzi wa polisi, na jioni wakamwinua Meckiff mabegani. Nahodha wake alikuwa Richie Benaud. Aliupokea uamuzi, akamwondoa Meckiff, asimrudishe hata upande wa pili wa uwanja. Meckiff hakucheza tena. Huyo Benaud ndiye aliyekuja kuwa mtangazaji aliyeheshimiwa na mataifa yote ya kriketi, na sidhani kama heshima ile ilitoka hewani.

Tangu hapo sayansi imeingia kati. Uchunguzi wa kamera za kasi ulionyesha kwamba karibu kila mrushaji hukunjua kiwiko kidogo, hata yule ambaye kwa macho mkono wake ni safi kabisa. Michael Holding, mrushaji wa kasi wa West Indies aliyegeuka mtangazaji, alikuwa mkosoaji mkali wa mkono wa Muttiah Muralitharan wa Sri Lanka. Alipowekwa kwenye jopo lililoletewa vipimo hivyo aliubadili msimamo wake, na akalisema hilo waziwazi. Mwaka 2005 Baraza la Kimataifa la Kriketi likaweka kikomo kimoja cha digrii 15 kwa warushaji wote. Kabla ya hapo wa kasi aliruhusiwa digrii 10, na wa kuzungusha mpira 5 tu.

Shoaib Akhtar wa Pakistan alisimamishwa mwishoni mwa 1999, na mwaka 2000 Brett Lee wa Australia naye akaripotiwa na waamuzi. Wote wawili waliruhusiwa kuendelea. Shabiki anayemwita mmoja wao mtupaji na mwenzake shujaa atuonyeshe kipimo anachotumia. Vivyo hivyo kwa Jasprit Bumrah wa India: kiwiko chake hupinda kupita mstari ulionyooka, kwenda upande wa nyuma, na hilo sheria hailihesabu. Mkono wa Lasith Malinga uliolala ubavuni haukuwa kosa pia, kwa kuwa sheria ya kutupa hutazama kiwiko na haijali bega limeinuka kiasi gani.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kulishika hili kwa moyo. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, Rajab Ali wa Kenya alimtoa Brian Lara, na West Indies wakaishia mikimbio 93. Siku ile tulitaka ulimwengu uutazame mpira wenyewe, usiulize umetoka nchi gani. Tuwape wengine kile tulichokitaka.

Kombe la Dunia linarudi Afrika mwaka 2027, katika Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia. Nawaomba kuanzia sasa, kabla ya kumwita mrushaji mwizi, mtazame marudio ya picha mkiwa mmezima sauti, kutoka mbele na kutoka pembeni, kisha mumtazame hivyo hivyo mrushaji wa timu mnayoipenda. Mtangazaji akipotosha, kiandikieni kituo chake: tajeni mechi, ova na maneno aliyoyasema, bila tusi hata moja. Akitenda haki kwa timu mliyotaka ifungwe, mwandikieni pia mumshukuru, kwa sababu watu wa namna ya Bhogle hupokea lawama nyingi. Na mtoto anayejifunza kurusha pale mtaani kwenu, kama mkono wake unapita chini au unajipinda ajabu, msimcheke wala msimwite mtupaji. Malinga alijifunza ufukweni kwa mpira wa tenisi. Mpelekeni mtoto huyo kwa kocha, apigwe video, kiwiko chake kitazamwe.