Misuli bandia: ina nguvu mara 100, lakini inakula nishati kiasi gani?

Mara kwa mara habari hii hupita kwenye simu zetu: wanasayansi wametengeneza msuli bandia wenye nguvu mara 100 kuliko wa binadamu. Video huonyesha uzi mwembamba ukinyanyua mzigo, au kipande cha mpira kinachojikunja kama kina uhai. Kwa mtu aliyekatwa mkono baada ya ajali ya bodaboda, au aliyenaswa na mashine ya kusaga, hiyo si habari ya kujifurahisha. Anataka kujua mkono huo unakuja lini.

Tumeamua kuieleza teknolojia hii kwa sababu hesabu hiyo ya mara 100 ni ya kweli, na bado inapotosha.

Ilitoka Marekani mwaka 2014, kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Dallas wakiongozwa na Ray Baughman. Hawakutumia kitu cha ajabu. Walichukua mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki na uzi wa kushonea, wakausokota mpaka ukajiviringa wenyewe kama springi. Yeyote aliyewahi kusokota uzi kupita kiasi anajua unavyojikunja. Nailoni ikipata joto hunenepa na kufupika kidogo. Ikiwa imesokotwa hivyo, ufupi huo mdogo hugeuka kuwa mvuto mkubwa. Ikipoa, inarudi urefu wake.

Uzi huo ulinyanyua mzigo mara 100 zaidi ya msuli wa binadamu wenye urefu na uzito uleule. Angalia maneno ya mwisho: uzito uleule. Uzi wenyewe ni mwepesi mno, kwa hiyo ulinganisho unaupendelea. Na kuna hesabu nyingine ambayo vichwa vya habari viliiacha. Kati ya sehemu 100 za nishati iliyotumika kuupasha joto, takriban sehemu 1 tu ndiyo iliyogeuka kuwa kazi. Msuli wa mwili wako hufikia 20 au zaidi. Kwa familia yenye sola ndogo ya kuchajia simu na taa mbili, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kila kitu.

Joto likiwa la bure, mambo hubadilika. Watafiti hao walipendekeza nyuzi hizo zifungue na kufunga madirisha kwa kufuata joto la hewa tu, bila umeme. Mkulima mwenye kitalu cha nyanya anaweza kuona faida yake haraka kuliko mtu anayesubiri mkono.

Kuna aina ya pili, ya mpira laini. Utando mwembamba wa mpira hupakwa pande zote mbili kitu kinachopitisha umeme, kwa mfano unga wa kaboni. Umeme ukiwashwa, pande hizo mbili huvutana na kuubana mpira katikati, nao hutanuka pembeni kama donge la chapati chini ya kiganja. Mwaka 2000, watafiti wa taasisi ya SRI huko California walionyesha mpira ukitanuka zaidi ya mara mbili ya urefu wake. Huu hautumii joto, na ni mwepesi kujibu. Shida yake ni kwamba unadai maelfu ya volti. Mkondo wenyewe ni mdogo, lakini umeme ukipenya, mpira hutoboka na kazi yake huishia hapo.

Majaribio ya hadharani yameonyesha umbali uliobaki. Mwaka 1999 Yoseph Bar-Cohen, mtafiti wa shirika la anga la Marekani, NASA, alitoa changamoto: tengenezeni mkono wa misuli bandia utakaomshinda binadamu kwa kukunjana mikono mezani. Machi 2005, mjini San Diego, mikono mitatu ilijitokeza. Mpinzani alikuwa msichana wa sekondari mwenye umri wa miaka 17. Aliishinda yote. Uliovumilia zaidi ulidumu sekunde 26. Mingine, sekunde 4 na 3.

Tangu wakati huo kazi imesonga. Mwaka 2018, kundi la Christoph Keplinger wa Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, lilionyesha vifuko vya plastiki vyenye mafuta ndani. Umeme huyasukuma mafuta upande mmoja, na kifuko hujikaza. Umeme ukipenya, mafuta hujirudi na kuziba, kwa hiyo kifaa hakifi. Malighafi ya kimoja iligharimu takriban senti 10 za dola. Kwetu hii ndiyo njia yenye matumaini zaidi, ingawa nayo bado inataka maelfu ya volti.

Kwa hiyo ukiona tena habari ya msuli wenye nguvu za ajabu, uliza unakula nishati kiasi gani, na umejikaza mara ngapi kabla ya kuharibika. Mkono wa mtu hufunga na kufungua mara nyingi mno kwa siku.

Na kwa aliyepewa nafasi leo ya kupata mkono bandia unaovutwa kwa waya kutoka begani, hatuoni sababu ya kuukataa akisubiri ule wa kwenye video. Hauhitaji chaji. Waya wake hufanya kazi kama waya wa breki za baiskeli, na ukikatika, fundi aliye karibu ataelewa haraka kilichoharibika.