Dalali na Siri ya Mpangaji: Barua ya Wazi kwa Wizara ya Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi

Mjini Mtwara chumba hutafutwa kwa dalali. Kuanzia Shangani na Chikongola hadi Mikindani, mgeni humpigia simu, hutoa hela ya kuzungushwa, kisha hupelekwa kwa bodaboda kuoneshwa vyumba viwili vitatu. Akipenda kimoja, mwenye nyumba huchukua kodi ya miezi sita kwa mkupuo, naye dalali huchukua ya mwezi mmoja.

Kabla ya fedha huja maswali. Umeoa? Mtakaa wangapi? Huyo mwenzako ni ndugu yako? Wengi huyajibu na kusahau. Kwa wapenzi wa jinsia moja, na kwa mtu ambaye sura yake hailingani na jinsi iliyoandikwa kwenye kitambulisho cha NIDA, safari ya chumba mara nyingi huishia hapo. Vijana wawili wa kiume kuchangia chumba ni jambo la kawaida. Shaka huanza miaka ikipita na hakuna anayeoa. Nyumba yenye ua mmoja, choo kimoja na mita moja ya LUKU haifichi kitu, na dalali ndiye wa kwanza kujua nani anahamia na nani.

Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu tendo la kujamiiana kinyume na maumbile kwa kifungo cha maisha, na kwa vyovyote si chini ya miaka 30. Kuhusu kupanga chumba hakisemi neno. Hata hivyo, kinamwekea silaha mkononi dalali au mwenye nyumba mwenye nia mbaya: mpangaji anayetishiwa kufichuliwa asipotoa fedha hathubutu kwenda polisi. Akifukuzwa wiki ya tatu, kodi iliyobaki imekwenda. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lipo, ila huko ataulizwa sababu ya kufukuzwa, mbele za watu. Oktoba 2018, Paul Makonda, wakati huo Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, alipotangaza kikosi cha kuwasaka wapenzi wa jinsia moja, wapo waliokimbia makazi yao. Mwezi uliofuata Wizara ya Mambo ya Nje ilieleza kwamba yale yalikuwa maoni yake, si msimamo wa Serikali.

Ndiyo maana dalali mwema kwa watu hawa hana bango wala tangazo. Namba yake hupokezanwa kwa kunong'onezana. Sifa yake ni kwamba haulizi yasiyohusu kodi, na alichokiona hakipeleki kwa mwenye nyumba. Uungwana huo haupaswi kuwa bahati ya wachache.

Msingi wa kisheria upo. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda maisha binafsi ya kila mtu na maskani yake. Sheria ya Ardhi ya 1999 inamhakikishia mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti kukaa kwa amani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahusu taarifa zile zile ambazo dalali huzikusanya kwenye simu yake: jina, namba ya kitambulisho, picha. Kilichokosekana ni kinga mahususi ya mpangaji, hasa tangu sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984 ilipofutwa mwaka 2005. Mifano ipo nje ya mipaka yetu. Kenya ina sheria ya kusajili mawakala wa nyumba tangu 1984. Sheria ya nyumba za kupangisha ya Afrika Kusini, ya 1999, inamkataza mwenye nyumba kumbagua mpangaji kwa sababu ya mapenzi ya jinsia moja. Msumbiji, ng'ambo tu ya kivuko cha Kilambo, iliacha kuyahesabu mapenzi hayo kuwa jinai mwaka 2015.

Bila kugusa kifungu cha 154, Wizara ina uwezo wa kuandaa kanuni za madalali wa nyumba: wasajiliwe katika halmashauri, kuanzia Manispaa ya Mtwara-Mikindani, maswali yao yaishie kwenye kodi, muda wa kukaa na idadi ya wakaaji, anayetoa siri ya mteja au kumtoza fedha kwa vitisho afutwe kwenye daftari, na mpangaji anayeondolewa bila kuvunja mkataba arudishiwe kodi ya miezi ambayo hakukaa, pasipo kudaiwa kueleza anaishi na nani.