Digrii ya Kuelezea Miti

“Ati unasomea kuelezea miti?” Hivyo ndivyo wasee wanavyoita kozi yangu, wakicheka. Wengine wanaongeza methali: mtaka yote hukosa yote. Semista moja nina botania, historia, sheria na lugha. Sasa wewe ni mwanasayansi ama nini?

Nami nauliza: mkoko ni somo la nani? Mwanabotania atakwambia mbegu yake huota ikiwa bado juu ya mti mama, kisha hudondoka matopeni. Sawa. Lakini mwanahistoria anajua kwamba boriti za mikoko zilivuka bahari kwa majahazi hadi Uarabuni, na ndizo zilizobeba dari za nyumba kongwe za Lamu. Mvuvi anajua samaki wachanga hujificha kwenye mizizi yake. Mwanasheria anajua nani anaruhusiwa kuukata. Mti ni mmoja. Ni vyuo vyetu vilivyoukatakata na kuugawia kila idara kipande.

Tunachosoma ni ufasiri wa mazingira. Mmarekani Freeman Tilden aliuandikia kitabu mwaka wa 1957, akishikilia kwamba kumwaga habari tu si kufasiri. Sasa tembea hifadhini usome mabango yetu. Mengi niliyoyaona ni jina la Kilatini, sentensi mbili za Kiingereza, basi. Anayeishi upande wa pili wa ua hakuandikiwa.

Na hili si pambo la watalii. Kifungu cha 69 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali ihimize wananchi washiriki katika kulinda mazingira. Utashiriki vipi kama ripoti ya barabara itakayopasua msitu imejaa maneno ambayo hata chifu hayaelewi? Unaitwa barazani, unapewa soda, unatia sahihi. Kesho unaambiwa ulishirikishwa.

Wangari Maathai alikuwa na shahada ya uzamifu katika anatomia ya mifugo. Lakini Karura haikuokolewa na darubini. Mwaka wa 1999 alipigwa akijaribu kupanda mti pale, na wanafunzi wa chuo kikuu wakaingia barabarani kwa sababu walikuwa wameelewa kwamba msitu ule ni wao. Kuna mtu alikuwa amewaelewesha. Hiyo ndiyo kazi.

Kwa hivyo wewe unayeniuliza nitaajiriwa wapi, nijibu kwanza: siku tingatinga likifika, nani atawaambia watu, kwa lugha yao, wanapoteza nini?