KKK isisubiri Upimaji

Mhariri,

Mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili ulioanza 2015 ulitilia mkazo Kusoma, Kuandika na Kuhesabu (KKK). Lakini bado zipo shule zinazokumbuka masomo ya ziada Upimaji wa Darasa la Nne ukishabisha hodi. Mtoto asiyeweza kuunganisha silabi Januari hataokolewa na mazoezi ya Oktoba.

Walimu wawapime watoto kila mwezi, wawapange kwa uwezo, na waliobaki nyuma wapewe nusu saa yao kila siku. Nasi wazazi tumsikilize mtoto akisoma kwa sauti jioni. Tukimtuma dukani, atuhesabie chenji. Kamati za shule ziulizie jambo hili kwenye kikao cha kwanza cha mwaka.

Mzazi,
Morogoro