Mhusika Amekaririwa, Hajaeleweka



Ingia katika darasa la Kiswahili hapa Kampala wiki moja kabla ya mtihani, usikilize. Mhusika ni hiki, mandhari ni kile, msuko ni kadha wa kadha. Fasili zinateremka bila kukwama. Kisha mpe mwanafunzi yuleyule hadithi ambamo mwizi anajisifia wizi wake, umwulize mwandishi anasema nini. Mwanafunzi wangu mmoja alinijibu bila kusita: "Mwalimu, mwandishi anatetea wizi." Dakika kumi kabla ya hapo alikuwa amepata alama zote katika fasili ya mhusika. Kosa lilikuwa langu mimi niliyemfundisha.

Nasema wazi: kufundisha istilahi za fasihi kwa kukariri tu ni kumlea raia asiyeweza kupima anachoambiwa.

Tazama yaliyotokea kwa jirani. Mwaka 1986 Ngũgĩ wa Thiong'o alichapisha riwaya ya Matigari kwa Kikuyu. Kwa simulizi ya Ngũgĩ mwenyewe, mapema mwaka 1987 wakuu wa Kenya walipashwa habari kwamba mtu aitwaye Matigari anazunguka nchini akiuliza ukweli na haki viko wapi. Ikatolewa amri akamatwe. Ilipobainika kuwa ni mhusika wa kitabuni, kikakamatwa kitabu. Kisa hiki huwachekesha wanafunzi. Nami huwauliza: kama waliosoma hadi kushika madaraka hawakumtambua mhusika, ninyi mtamtambua?

Hapa kwetu hakuna cha kuchekesha. Byron Kawadwa, mtunzi wa tamthilia na mkurugenzi wa Jumba la Taifa la Maonyesho, Kampala, alikamatwa na kuuawa mwaka 1977, enzi za Idi Amin, muda mfupi baada ya tamthilia yake ya Oluyimba lwa Wankoko kuonyeshwa katika tamasha la Lagos. Tangu hapo, yeyote anayedai kwamba istiari na kejeli ni mambo ya darasani tu, hajui historia ya jiji analoishi.

Lakini usidhani istilahi hizi zinawahusu watunzi na watawala peke yao. Chukua msimulizi. Habari ya wachuuzi kuondolewa barabarani ikisimuliwa na mwenye gari, jiji limesafishwa. Ikisimuliwa na mama aliyepoteza beseni lake la nyanya, ni habari ya njaa. Tukio ni lile lile, ila shujaa na adui wamebadilishana nafasi. Mwanasiasa jukwaani naye ni msimulizi: ndiye anayechagua hadithi ianzie wapi, nani awe mkombozi na nani asitajwe kabisa. Mpigakura asiyejua kuuliza nani anasimulia ataipigia kura hadithi.

Wenzangu watanijibu: "Mtihani unadai fasili." Sawa. Fasili ipi? Vitabu vingi vya Nairobi humwambia mtoto kwamba dhamira ni lengo la mwandishi. Vya Dar es Salaam humwambia ni wazo kuu la kazi, na kuiweka ndani ya maudhui. Sisi wa Uganda tunasoma vyote viwili. Aliyekariri akikutana na kitabu cha pili anachanganyikiwa. Aliyeelewa hutazama kitabu kinaitumiaje istilahi, kisha akaendelea na kazi. Hata mtihani wenyewe, basi, humfaa anayeelewa.

Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi na kupendekeza kifundishwe kwa lazima shuleni. Nilifurahi. Ila tukiwaletea watoto wa nchi hii lugha mpya pamoja na orodha za kukariri, tutakuwa tumewaongezea mzigo tu.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, kesho anza na hadithi. Fasili ije mwisho, mwanafunzi akiwa ameshaihitaji. Nawe mzazi, baada ya taarifa ya habari mwulize mwanao maswali matatu: Nani amesimulia? Nani amefanywa adui? Nani hakupewa sauti? Akiweza kuyajibu, anaielewa fasihi, hata kama fasili imemtoka kichwani. Akishindwa, usimlaumu yeye. Njoo shuleni utuulize sisi walimu wake.